Matanga ya Taa ya Kulia

Kwanza niseme wazi kwamba naipenda Pishanjia, nchi yangu, na haya ninayoyaeleza nayaeleza kwa fahari. Wageni wakija kwetu husifu barabara zetu zilivyo pana na zilivyo tupu pembeni. Wakiuliza watu wa baiskeli wako wapi, tunawajibu kwa upole kwamba tulikuwa nao.

Tuna sheria nzuri sana iitwayo Sheria ya Kujigongesha. Inasema kwamba mtu wa baiskeli akikutwa chini ya gari, mbele ya gari, au amelala mahali popote ambapo gari limetoka kupita, basi amejigongesha. Wataalamu walioitunga walifikiri kwa kina. Gari, walisema, lina namba, lina bima, lina kadi, na dereva wake ana leseni yenye picha. Baiskeli haina hata karatasi moja. Sasa serikali yenye akili zake imwamini nani?

Aliyejigongesha haombewi dua wala haliliwi. Huzikwa na manispaa nyuma ya mizani ya malori, na juu ya kaburi lake husimikwa kibao cha bati kilichoandikwa MWENYEWE ALITAKA. Vibao hivyo vinatengenezwa hapahapa nchini, na vimewapa vijana wetu ajira.

Kweli, mwishoni mwa sheria kuna kifungu kinachosema kwamba dereva akitamka mwenyewe mbele ya watu kwamba amegonga, marehemu atarudishiwa heshima yake na kuzikwa na watu wake. Kifungu hicho kiliongezwa wiki ambayo wafadhili walikuwa wanakuja, kwa sababu bila hicho sheria ilionekana kavu kidogo. Hakuna dereva aliyewahi kukitumia. Kipo tu, kama kochi la sebuleni ambalo halijavuliwa nailoni.

*

Jumatatu moja asubuhi, Mheshimiwa Stambuli Makwega, Mkurugenzi Mkuu wa Usalama Barabarani, alikuwa anaendesha gari lake kwenda kufungua Wiki ya Usalama wa Waendesha Baiskeli. Alipofika kwenye mzunguko wa Soko la Ndizi, gari likavamiwa na baiskeli nyeusi ya Sudi Mnoa Visu.

Sudi alijulikana mji mzima. Baiskeli yake aliifungia jiwe la kunolea karibu na usukani. Akifika mlangoni kwako husimamisha stendi, hupanda, hukanyaga pedeli, na jiwe huzunguka huku cheche zikiruka na watoto wakipiga kelele. Hapakuwa na jiko ambalo kisu chake hakikupita mikononi mwake. Alikufa palepale. Gari, kwa upande wake, lilibonyea boneti na kuvunjika taa ya kulia.

Taifa likashikwa na simanzi. Redio ikakatiza muziki, sauti nzito ikasoma tanzia: "Familia ya Mheshimiwa Stambuli Makwega inasikitika kutangaza kifo cha ghafla cha taa ya kulia ya gari lake, kilichotokea leo asubuhi. Boneti imelazwa, hali yake si nzuri. Msiba uko nyumbani kwa Mheshimiwa. Habari ziwafikie mafundi gereji wote popote walipo." Sudi hakutajwa. Haikuwa kwa ubaya, muda wa tanzia ni mfupi.

Kwa kuwa Sudi mwenyewe hakuweza kufika mahakamani, alibaki chumba cha maiti kama kielelezo, na baiskeli yake ikapandishwa kizimbani. Inspekta Songoro wa kikosi cha barabarani aliisomea mashtaka: kujigongesha, kuvuruga ratiba ya kiongozi, na, kwa sababu ya visu vya wateja vilivyokutwa kapuni, kulisogelea gari la serikali kwa silaha.

"Mshtakiwa, unakubali au unakataa?" hakimu akauliza.

Baiskeli ikanyamaza.

"Mshtakiwa ana kiburi," hakimu akasema.

Karani akaisogeza kidogo isimame vizuri, kengele ikalia kriing. Hakimu akavua miwani kwa hasira akaongeza kosa la kuidharau mahakama. Ikapatikana na hatia kwa yote. Lilibaki jambo moja tu. Kwa mila zetu, jamaa wa aliyejigongesha lazima aende kwenye matanga ya gari, ampe dereva pole, ndipo jalada lifungwe na maiti ipelekwe nyuma ya mizani.

Jamaa huyo alikuwa mjane wa Sudi, Chausiku, mama wa watoto watatu na mshonaji wa mapazia.

"Nenda kaseme pole yaishe, shoga," jirani yake alimshauri.

"Nikisema pole, Sudi anakwenda kuwekewa kile kibao chao. Watoto wasome pale kwamba baba yao alitaka mwenyewe?"

"Na usiposema?"

"Atakaa kule kwenye baridi."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakwenda. Ila pole siitoi mpaka huyo bwana atamke alichokifanya."

Jirani akamshika kipaji cha uso kuona kama ana homa.

*

Nyumba ya Mheshimiwa Stambuli ilikuwa imebomolewa ukuta mmoja ili gari liingie sebuleni. Lilikuwa limelazwa katikati ya zulia, limefunikwa shuka jeupe, na ubani ulikuwa unafuka karibu na ekzosi. Waombolezaji walipita mmoja mmoja, wakagusa boneti kwa ncha za vidole, wakatikisa vichwa. Mwanamke mmoja wa Wizara alizimia mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya televisheni.

Waziri wa Magari na Starehe za Safari, Mheshimiwa Lubigisa, alisimama kusoma wasifu.

"Ndugu waombolezaji, taa hii iliwasili nchini kwa meli ikiwa bado changa, imo ndani ya boksi lake. Katika uhai wake haikumbagua mtu. Ilimulika matajiri na maskini kwa usawa, ingawa maskini walimulikwa zaidi, kwa kuwa ndio wanaokaa mbele ya magari. Imeacha taa ya kushoto, indiketa nne na waipa mbili. Taifa limeingia giza, hasa upande wa kulia."

Watu wakalia. Nami nililia, sifichi. Nilikuwa nimekaa karibu na moshi wa ubani.

Huko uani mambo hayakuwa mazuri. Wapishi, wanawake saba wenye mikono minene, walikuwa wanahangaika na ng'ombe mzima ambaye hakatiki. Kila kisu kilikuwa butu. Walisugua visu kwenye ngazi, wakasugua kwenye vitako vya vikombe, wakasugua kwenye jiwe la mlangoni, lakini nyama ilijikunja tu ikawatazama.

"Jamani, Sudi yuko wapi wiki hii?" mmoja akauliza. "Si kawaida yake kupotea."

Hakuna aliyejua. Redio haikuwa imesema.

Chausiku alipofika, Inspekta Songoro alimpokea mlangoni, akamkalisha kwenye mkeka karibu kabisa na Mheshimiwa Stambuli, mahali panapotengwa kwa jamaa wa wakosaji. "Sema pole, bibi, kisha upite uani ukale. Nyama ikikatika," alimwambia.

"Nitasema kwa wakati wake," Chausiku akajibu, akakunja miguu.

*

Sasa, msomaji, kwetu ni kama kwenu. Mfiwa huulizwa na kila anayeingia: ilikuwaje? Naye husimulia upya toka mwanzo, hata kama mwingine ametoka kuuliza sasa hivi. Ndiyo heshima yenyewe. Basi Mheshimiwa Stambuli alikuwa anasimulia tangu alfajiri.

Kwa mgeni wa kwanza alisema baiskeli ilikatiza. Kwa wa pili ilikatiza kwa kasi. Alipokuja Spika wa Bunge, baiskeli ilikuwa imejificha nyuma ya mkungu wa ndizi, ikamvizia, ikapiga honi na kumrukia.

"Samahani, Mheshimiwa," Chausiku akasema taratibu. "Baiskeli ya Sudi haina honi. Ina kengele."

"Kengele. Asante," Stambuli akasema bila kumtazama, akaendelea.

Kwa balozi wa nchi jirani baiskeli zikawa mbili. Televisheni ilipowasha taa zake, Sudi alikuwa ameshika kisu kila mkono na kingine amekiuma, anakuja upande usio wake huku anacheka.

"Samahani, Mheshimiwa," Chausiku akasema. "Akishika visu mikono yote, usukani angeshika na nini?"

Mtangazaji akageuka kumtazama Stambuli, kwa sababu hata yeye alitaka kujua.

"Ndiyo maana ajali ikatokea," Stambuli akasema.

Waziri Lubigisa akapiga makofi. Watu wote wakapiga makofi. Lakini mimi niliyekuwa karibu niliona jasho linamtoka Stambuli, na kila akimaliza kusimulia alikuwa anaiangalia mikono ya yule mwanamke, iliyotulia mapajani, haifanyi kitu. Hakuwa anakula. Sahani yake ya tende haikuguswa toka asubuhi. Ukimwangalia ungedhani ndiye mfiwa kweli.

Alasiri geti likafunguliwa, akaingia bibi kizee amekaa nyuma ya baiskeli ya kukodi, kajifunga kanga mbili, analia kwa sauti inayosikika mpaka mtaa wa tatu. Alikuwa Bi. Kidawa, mama mzazi wa Stambuli, kutoka kijijini. Aliisikia tanzia kwenye redio ya jirani, lakini betri ziliisha kwenye neno "inasikitika." Kwa hiyo alijua kwamba mwanawe amefiwa, ila hakujua nani amekufa. Njia nzima alikuwa analia kwa zamu: mlimani alimlilia mkwe wake, mteremkoni akamlilia mjukuu mkubwa, na lami ilipoanza akamlilia shemeji mmoja ambaye hakuwa akimpenda.

Alipoingia sebuleni akawakuta wote wazima, hata yule shemeji. Akanyamaza.

"Aliyekufa nani?"

Waziri Lubigisa akamwongoza kwa heshima mpaka katikati ya zulia, akalifunua shuka upande wa kulia.

Bi. Kidawa akainama. Akachungulia. Akaingiza kidole pale palipokuwa na taa.

"Hili ni gari," akasema.

"Ndilo, mama. Uwe na subira."

"Nimetoka kwangu sijala. Nimelia mpaka kifua kinaniuma. Nimekuja kulilia gari?" Akamgeukia mwanawe. "Stambuli, we Stambuli! Ilikuwaje?"

Stambuli akakohoa, akashika uzi wa asubuhi. "Mama, nilikuwa natembea zangu na gari, mara nikavamiwa na baiskeli. Ilikuwa imejificha—"

"Ngoja. Wewe ulikuwa unaangalia wapi?"

Naomba msomaji anielewe. Nimeishi Pishanjia maisha yangu yote. Nimehudhuria matanga ya pikipiki, ya basi, na ya tela tupu. Nimesikia madereva wakiulizwa baiskeli ilitoka wapi, ilikuwa rangi gani, ilikuwa na nia gani. Swali hili nilikuwa sijalisikia. Spika wa Bunge alimwinamia balozi akanong'ona, "Kauliza nini?"



"Nakuuliza wewe," Bi. Kidawa akasema. "Baiskeli imejificha, sawa. Macho yako yalikuwa wapi?"

"Kwenye simu, mama."

"Simu ya nani?"

"Yangu. Nilikuwa naandika hotuba."

"Unaendesha, unaandika?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo mtu alikuwa upande gani?"

Stambuli sasa alikuwa anamtazama Chausiku, si mama yake. "Upande wake. Pembeni kabisa. Sikumwona mpaka niliposikia kishindo. Mama, nimemgonga mtu. Nimemuua mtu, na nimekaa hapa tangu asubuhi namsingizia."

Chausiku akafunika uso kwa upande wa kanga. Hakulia. Alitoa pumzi tu, ndefu sana.

*

Ghasia zilizofuata sijaziona tangu uchaguzi. Waziri Lubigisa aliruka mbele ya kamera. "Wananchi, haya ni maneno ya uchungu! Mfiwa huropoka! Mleteeni maji!"

Stambuli akaletewa maji, akanywa, akasema tena, "Nimemgonga mimi."

Akaletewa mengine. Akasema tena. Daktari wa Wizara akampima mapigo ya moyo akatangaza kwamba amepatwa na mshtuko wa boneti, ugonjwa unaowafanya watu waseme mambo kama yalivyotokea, na akashauri atengwe asiambukize wakurugenzi wengine.

Stambuli akamnyooshea Inspekta Songoro mikono. "Nikamate."

Inspekta akarudi nyuma. "Mheshimiwa, nikuweke wapi? Mahabusu imejaa baiskeli."

"Zitoe."

"Hazijapata dhamana."

Hapo Chausiku akasimama. Ni mwanamke mfupi, lakini alivyosimama hatukuona ufupi. "Waheshimiwa, kifungu kimetimia. Dereva katamka, tena mbele ya watu. Nipeni mume wangu nikamzike."

"Mbele ya watu gani?" Waziri akauliza. Akageuka kuwatazama waombolezaji. Ghafla kila mtu alikuwa na shughuli. Spika alikuwa anafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Balozi alikuwa haelewi lugha. Mimi, kwa masikitiko, nilikuwa nimeinama natafuta kifungo. "Unaona, bibi? Hakuna aliyesikia."

"Mimi nimesikia," Bi. Kidawa akasema.

"Mama wa dereva hahesabiwi."

"Nasi tumesikia," sauti ikatoka mlango wa uani.

Walikuwa wapishi, wote saba. Walikuja kutazama ni kelele za nini, wakasikia kila neno, na sasa walijua Sudi amepotelea wapi. Kila mmoja alikuwa na kisu mkononi na machozi usoni. Visu vile visingeweza kukata nyanya, lakini Waziri hakulijua hilo.

"Tumesikia vizuri sana, Mheshimiwa," yule mkubwa wao akasema, akapiga hatua moja. "Nawe umesikia. Au hukusikia?"

Waziri akatazama kisu. Akasema kwamba akikumbuka vizuri, serikali yake imekuwa ikisikia siku zote.

*

Sudi alizikwa kesho yake, makaburi ya mtaani kwao, kwa dua na watu wake. Hakuna kibao. Siku hiyohiyo redio ilisoma tangazo kwamba kuanzia sasa ni marufuku kwa mama mzazi wa mtumishi mwandamizi kuhudhuria matanga ya gari bila kibali, na kwamba kile kifungu cha mwisho kinafanyiwa matengenezo.

Matanga yalikuwa nyumbani kwa Chausiku, chini ya turubai la kuazima. Jioni Stambuli akaja kwa miguu, mikono mitupu, hana miwani ya jua wala mlinzi. Watu wakainuka. Nilidhani watampiga, na sina hakika kama ningewazuia.

Akasimama mbele ya Chausiku. "Nimekuja," akasema.

"Nakuona."

"Sijui niseme nini."

"Sijakusamehe," Chausiku akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka, haitoki vizuri. "Labda sitakusamehe. Lakini watu bado wanaingia, kila mmoja ananiuliza ilikuwaje, na mimi siwezi tena. Sikuwepo pale. Wewe ulikuwepo. Kaa hapo uwajibu."

Akakaa. Alikuja mwalimu wa watoto, akauliza ilikuwaje. Stambuli akasema, "Alikuwa upande wake. Mimi nilikuwa naangalia simu. Nimemgonga." Akaja muuza ndizi, akauliza, akaambiwa hivyohivyo. Wakaja ndugu wa Sudi kutoka mbali, wenye mavumbi ya safari, nao wakaambiwa hivyohivyo, na mmoja wao alimtemea mate karibu na mguu, na Stambuli hakuuondoa mguu. Hadithi haikuongezeka hata neno. Baiskeli ilibaki moja. Mimi ni mzalendo na nisingependa kusema hivi, lakini ilinichoma moyo kuliko hotuba zote nilizowahi kuzishangilia.

Halafu akaja mtu mmoja mnene, dereva wa lori la mchanga, ambaye hakumjua Sudi wala Chausiku. Aliona turubai akasimama kutoa pole tu, kama ilivyo ada. Akauliza ilikuwaje. Stambuli akamwambia.

Yule mtu akavua kofia. Alisimama ameishika, watu wakaanza kumtazama. Kisha akamwambia Chausiku, "Mama, na mimi ninaye wangu. Mwanafunzi, pale darajani, mwaka juzi. Alikuwa amewasha taa ya baiskeli. Niliiona taa yake nikasema atanipisha. Naweza kukaa?"

 Chausiku akavuta miguu yake, akampa nafasi.

Kufika saa za kuwasha karabai mkeka ulikuwa hauwatoshi madereva waliokuja kukaa, na wanawake wakaenda kuazima mingine kwa majirani.